Mama Mkwe, Ukungu na Taa za Magotini

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Ukimwona anakuja njiani unaingia majanini hata kama kuna matope, naye anavuta kitenge na kujifunika uso mpaka mmoja wenu apite. Hamli sahani moja, hamkai mkeka mmoja, na ukiwa na neno la kumwambia unamtuma mke wako. Wageni wanaokuja kutafuta dhahabu huku kwetu kusini mwa Maniema hutucheka, wanadhani tumegombana. Kumbe hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mama mkwe akikuonea haya, mji mzima unajua kwamba umeoa.

Sasa mimi, mama mkwe wangu hakunionea haya hata chembe. Alinitazama usoni kavukavu. Alinisalimia kwa mkono. Akija kututembelea Kasongo na akitaka kwenda sokoni, alitoka nje akaniambia mwenyewe, "Wewe mutu wa pikipiki, unipeleke," kisha akapanda nyuma yangu na kunishika kiuno kama abiria yeyote. Majirani wasiojua mila zetu walimsifu: mama huyu hana makuu, tazameni anavyopatana na mkwe wake. Mimi nilikuwa nasaga meno. Kila aliponishika kiuno alikuwa anatangaza barabarani kwamba mimi si mkwe wake.

Chanzo kilikuwa ukungu. Siku nilipotoa mahari kwao Kabambare, yeye alikuwa Kasongo akimuuguza dada yake. Alipanda pikipiki kurudi mapema, lakini walipofika juu ya bonde la Luama, dereva aliona ukungu umejaa bonde zima, akazima injini na kukataa kuteremka. Wakakaa pale hadi jua lilipopanda. Alipofika nyumbani, wazee walikuwa wamemaliza. Mbuzi wa mama, ambaye kwetu hupokelewa kwa mkono wa mama mzazi, alikuwa amepokelewa na shangazi wa mke wangu na kufungwa kwenye ua wa shangazi. Wazee wangu ndio walioharakisha, wakiogopa mvua za kwanza. Mimi bwana arusi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye kona, kama inavyopasa, wala sikuulizwa neno. Mama hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, "Mukono yangu haikugusa kamba. Mimi sina mukwe." Na miaka ikapita, wajukuu wakazaliwa, yeye akawabeba na kuwaimbia, na bado hakuwa na mkwe.

Nina hasira za karibu, sikatai. Mwingine angemchukia mama, au angemchukia shangazi na ua wake. Mimi niliuchukia ukungu. Asubuhi za kiangazi ulipotanda juu ya mashamba ya mpunga niliutazama kama mtu anavyomtazama mdeni wake sokoni.

Basi zikaja habari kwamba mdogo wa mke wangu amepata mchumba, na kwamba watu wa mchumba wataleta mahari Kabambare kiangazi hicho. Wakati huohuo mke wangu alikuwa mjamzito, na mama alikuwa anakuja kwetu kumpokea mtoto. Kwetu bibi hawezi kuondoka kabla mtoto hajatolewa nje. Nikahesabu miezi kichwani nikaona jambo lenyewe: mama atatoka Kasongo dakika ya mwisho, atalala njiani, na asubuhi ya mahari atakuwa juu ya bonde lilelile, kwenye ukungu uleule. Akikosa kuishika kamba ya mbuzi kwa mkono wake kwa binti wa pili pia, moyo wake hautapona. Na mimi nitabaki mtu wa pikipiki mpaka kaburini.

Nikasema safari hii ukungu hautanishinda. Nitafunga taa.

Katika duka moja la Kasongo nilipata taa mbili za duara, ndogo, kila moja inatosha kiganjani. Muuzaji alizisifu kwa Kifaransa, antibruyari, za kukata ukungu, na kwenye boksi kulikuwa na picha ya pikipiki juu ya mlima mweupe ambao mimi sijapata kuuona. Nikaenda nazo kwenye kituo chetu cha pikipiki na kuanza kazi palepale, mbele ya wenzangu, kwa sababu mimi napenda kutazamwa nikifanya kazi.

Nilitoa waya kutoka kwenye betri, nikaupitishia fyuzi, halafu rilei, kile kidude kinacholia tik na kubeba umeme wenyewe ili swichi isiungue. Swichi nikaiweka karibu na kidole gumba cha kushoto. Waya wa hasi nikaufunga kwenye chuma cha pikipiki baada ya kukwangua rangi, maana rangi haipitishi umeme, na wengi husahau hilo kisha wakalaani taa. Viungo vyote nikavizungushia vipande vya mpira wa tairi la ndani, ambao kwetu ndio utepe. Taa zenyewe nikazifunga juu kabisa ya usukani, zimeinua uso.

Hapo wenzangu wote walikubaliana nami. Kasongo kila motari, yaani dereva wa pikipiki, mwenye taa za ziada huziweka juu. Magunia na bidoni, madumu ya mawese, hufunika pikipiki pande zote, kwa hiyo taa iliyo chini haionekani, na taa isiyoonekana ni ya kazi gani? Mwenzangu mmoja wa kituoni, mwenye mdomo usiopumzika, alizishika akazipindisha juu zaidi. "Mataa ni heshima," akasema, "na heshima haiwekwake ku magoti."

Asubuhi iliyofuata ukungu ulishuka hadi mitaani. Nikafurahi kama mtu aliyealikwa. Niliteremka upande wa mto Lualaba, mwenzangu huyo akinifuata ili ashuhudie, na mahali ambapo ukungu ulikuwa mzito kuliko pote nikabonyeza swichi. Rilei ikalia tik. Mbele yangu pakasimama ukuta mweupe. Sikuona barabara, sikuona usukani, sikuona hata gurudumu langu mwenyewe. Nikaingia mtaroni, mimi na pikipiki na heshima yangu yote.

Mwenzangu alicheka mpaka akashika miti. "Umejenga ukuta muzuri," akasema. "Sasa uweke mulango."

Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikaiinua pikipiki na kuona taa moja inaning'inia; nati yake ilikuwa imeruka. Nikapiga magoti barabarani kuitafuta, halafu nikalala kabisa, shavu karibu na vumbi. Na hapo nikaona miguu. Mbali, mbali sana kuliko nilivyokuwa naona nikiwa nimekaa kwenye pikipiki, miguu ya wanawake wanaokwenda shambani, wazi kabisa, vifundo, ndala, ncha za vitenge, na juu ya magoti hakuna mtu. Nikasimama, wakapotea. Nikalala tena, wakarudi, wamekaribia.

Ukungu haukuwa umekaa chini. Ulikuwa unaning'inia, na chini yake palibaki nafasi ya magoti. Sisi sote tulikuwa tumepanda na taa zetu kwenda kukutana nao kule ulikojaa. Nilicheka peke yangu nikiwa nimelala barabarani. Mwenzangu akaacha kucheka, akaniuliza kama nimeumia kichwa. Nati sikuipata, na sikuijali.

Nilifungua kila kitu nikaanza upya. Taa nikazifunga kwenye chuma cha mbele kinacholinda miguu, chini ya magoti, zimeinamisha uso kidogo ili mwanga utambae barabarani na usipande. Kule chini mawe hayana huruma, kwa hiyo nilimwomba mchimbaji mmoja wa Lusangi kipande cha wavu wa kuchekechea mchanga wa dhahabu, nikakikunja mbele ya kila taa. Mizigo ya pembeni niliirudisha nyuma ili isizibe mwanga. Mwisho nikaongeza swichi ya pili ya kuzima taa kubwa ya pikipiki yenyewe, kwa sababu nayo iko juu na nayo hujenga ukuta.

Kituoni walikuja kunitazama. Yule mwenzangu aliinama, akachungulia, akasimama akitikisa kichwa. "Mataa ku magoti," akasema. "Pikipiki yako iko naenda kusali?" Wote wakacheka, na jina likanishika: motari wa magoti. Sikujali sana. Nilikuwa nimezijaribu mara kadhaa asubuhi, peke yangu, na nilijua ninachojua.

Mtoto wetu alizaliwa salama, akakaa ndani siku zake, akatolewa nje asubuhi moja ya jua. Siku hiyohiyo mama alifunga mzigo wake. Mahari ilikuwa kesho yake. Mke wangu, ambaye alibaki na mtoto na alikuwa akilia kwa kukosa sherehe ya mdogo wake, alinivuta pembeni. "Mufikishe mama," akaniambia. "Mara hii akikosa, hatasema tena, lakini atakufa nayo." Mama alikuwa amesimama karibu na pikipiki, anatazama zile taa. Hakuuliza ni za nini. Akapanda nyuma, akanishika kiuno, akasema, "Twende, mutu wa pikipiki."

Tulilala Lusangi kwa ndugu zake. Tulitoka kabla jua halijachomoza, baridi ya kiangazi ikituingia kwenye mikono ya mashati, na kwa muda mrefu barabara ilikuwa safi. Nilianza hata kudhani kwamba bonde litatuhurumia. Kisha tukafika juu, nikawaona.

Walikuwa wamejipanga ukingoni pa barabara, pikipiki baada ya pikipiki, injini zimezimwa. Wengine walikuwa wanakula muhogo, wengine wamejifunika makoti. Mbele yao barabara iliteremka hatua chache kisha ikaisha. Bonde lote la Luama lilikuwa jeupe. Mwenzangu wa kituoni alikuwemo, amebeba mfanyabiashara wa nguo, naye aliponiona akapunga mkono. "Zima, motari wa magoti. Tuko nangoja jua."

Mama alichungulia juu ya bega langu. "Ni hapa," akasema, taratibu, si kwangu wala kwa mtu mwingine. "Njo hapa ule dereva alizima."

Nikazima taa kubwa. Wenzangu wakashangaa, mmoja akaguna kwamba huyu sasa ana wazimu, ameona ukungu anazima taa. Nikabonyeza swichi ya kidole gumba. Tik. Mwanga ukalala chini mbele ya gurudumu, ukatambaa kwenye vumbi jekundu, ukaingia chini ya ukungu kama mkono unaoingia chini ya mkeka. Nikaona mifereji miwili ya magurudumu ya magari, nikaona jiwe, nikaona jiwe la nyuma yake. Nikaingiza gia ya kwanza.

Sitasahau mteremko ule. Kichwa changu na cha mama vilikuwa ndani ya weupe, hatukuonana na miti wala mbingu, lakini barabara ilikuwa inajifunua vipande vipande, na kila kipande kilikuja kwa wakati. Niliinama juu ya tangi ili macho yangu yakaribie chini. Nyuma yangu mama alikuwa anasali, rozari yake ikinikwaruza mgongoni. Palikuwa na korongo katikati ya barabara, lile ambalo limewavunja watu miguu. Nililiona mapema, nikalipita upande wa kulia, nikatamani mtu aniulize nimelionaje. Nilikuwa na furaha kali, karibu na hasira. Nikaanza kuusemesha ukungu kwa sauti. Niliuambia uko wapi sasa, uko wapi mwenye nguvu, na mama akaacha kusali ili asikilize.

Bondeni kuna daraja la magogo juu ya kijito kimoja. Nililijua, nililivuka wiki iliyotangulia. Lakini taa zilipolifikia nilifunga breki, kwa sababu gogo moja la kati halikuwepo. Maji yalionekana yanapita kwenye pengo, jeusi, pana kuliko gurudumu. Mtu mwenye taa ya juu angeona weupe tu mpaka aingie. Mama alishuka, akavuka kwa miguu akishika kitenge chake, kisha nikasukuma pikipiki juu ya gogo la pembeni.

Nikiwa ng'ambo nikasikia injini nyuma yetu, nyingi, zinakuja polepole. Nikageuka nikawapigia kelele kuhusu lile pengo, nikarudisha uso wa pikipiki kuwamulikia. Wakatokea mmoja mmoja kutoka kwenye weupe, wamezima taa zao za mbele, kila mmoja anafuata taa nyekundu ya mwenzake wa mbele. Wa kwanza alikuwa yule mwenye mdomo. Alishuka, akatazama pengo, akatazama taa zangu. "Usikimbie sana," akasema. "Tuko nafwata magoti yako."

Tulipanda upande wa pili kama msafara wa gavana, mimi mbele. Tulipotoka kwenye ukungu jua lilitupiga usoni sote kwa pamoja, nikashikilia honi, na nyuma yangu honi zote zikajibu. Mikono ya mama ilikuwa imeniachia kiuno, ameshika chuma cha nyuma.

Kabambare tulikuta watu wa mchumba wameshaketi. Shangazi alikuwa amefunga kitenge kipya na kusimama karibu na mbuzi, tayari, kwa sababu wote walikuwa wameutazama ukungu wa asubuhi na kujua kwamba mama hafiki. Mama alishuka kabla sijasimama vizuri. Hakunawa. Akiwa mwekundu wa vumbi kuanzia ndala hadi nyusi alipita katikati ya wazee, na shangazi, lazima nimsifu, alirudi nyuma bila kuambiwa na kumpa nafasi. Mama akaishika kamba. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi akataka kukimbia, na binti, ambaye hakupaswa kutoka ndani, alichungulia mlangoni akilia na kucheka. Mama alimvuta mbuzi akamzungusha ua mzima ili kila mtu aone ni mkono wa nani.

Mimi nilikaa nje na pikipiki, penye kivuli cha ukuta, mahali pa madereva. Nilitosheka. Nilikuwa nasafisha wavu wa taa kwa kijiti aliponijia baba mdogo wa mke wangu, akijizuia kucheka.

"Mama anauliza," akasema. "Ule mukwe wake mukubwa, mbuzi yake iko wapi? Anasema yeye hakupata."

Sidhani kama kuna mwanamume Kabambare aliyewahi kudaiwa mbuzi akafurahi kama mimi. Nilisimama mpaka kijiti kikaanguka. Nilizunguka mji nikibisha hodi, na mchana huo nikapata beberu mwekundu mwenye pembe nzuri, mkaidi, akaniburuta zaidi ya nilivyomburuta. Niliingia naye uani mbele ya wageni wote. Mama alikuwa jikoni. Walimwita, akatoka akipangusa mikono, na mimi kwa mazoea ya miaka yote nikamtazama usoni, kama alivyokuwa akinitazama.

Alinyoosha mkono wa kulia akashika kamba. Alipokwisha kuishika, alivuta kitenge kutoka begani, akajifunika uso wote, akanigeuzia mgongo na kukimbia. Mama mzima, mnene, na mbuzi wake, wakapotelea nyuma ya jiko. Uani pakalipuka kicheko na vigelegele, na mimi nikaruka majanini kumpisha, ingawa alikuwa ameshapita.

Baadaye nikasikia sauti yake nyuma ya ukuta wa jiko, anamwambia binti yake kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia: "Muambie mukwe wangu, maji ya kuoga iko tayari." Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale. Nikamwomba shemeji yangu amjibu mama kwamba nimesikia, na kwamba nashukuru.

Tangu siku ile akija Kasongo anapanda pikipiki za wengine, na akipita uani kwetu mimi najificha. Uso wake sijauona tena, na sitaki kuuona.